Muulize Baharia: Mashua ya babu imelala miaka 8 chini ya mkungu

Mwezi huu barua zimekuja za aina moja, sijui ndio ule upepo umewapiga watu wote kwa mpigo, kila mtu ana chombo cha marehemu fulani kimelala pwani na ghafla anataka kukirudisha majini. Mi nafurahi, ila nimechagua chache tu maana nyingine zinauliza kitu kile kile. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko zote, wengine msome hapo hapo mtajikuta humo.

Shikamoo mzee. Naandika kutoka Dar ila kwetu ni Kigombe, Tanga. Babu mzaa baba aliacha mashua ya futi 24 hivi, ilipandishwa pwani alipofariki na sasa ni mwaka wa 8 iko chini ya mkungu. Kwa nje bado inaonekana mashua, ndani kuna majani na kuku wa jirani wanatagia humo. Baba wadogo wanasema ipasuliwe kuni. Rafiki yangu ananiambia tuipige fibaglasi nje nzima itakuwa mpya. Na fundi mmoja kijijini kasema nimpe hela ya rangi na misumari, wiki 2 kaimaliza. Nimsikilize nani? Nataka iwe majini mwezi wa 7 nikija likizo. (Mjukuu, Dar es Salaam)

Marahaba mjukuu wangu. Kuku waache, kuku hawana kosa, shida ni yale majani. Majani yanashika maji ya mvua, na maji ya mvua ndio yanayoua chombo cha mbao, sio bahari. Watu hawaniamini nikisema hivi, wanaona chombo kikipandishwa juu kimepumzika kumbe ndio kimeanza kuugua. Ule ukungu unaoozesha mbao unapenda maji matamu, kwenye maji ya chumvi hauna raha, ndio maana utakuta mashua imefanya kazi miaka 30 mbao za chini ni ngumu kama jiwe halafu imekaa nchi kavu miaka 5 imeoza kuanzia juu kuja chini. Wazee walikuwa wakipandisha chombo wanakimwagia maji ya bahari ndani kila baada ya siku chache, mtoto ukipita unaona mzee amechanganyikiwa anamwagilia mashua kama mchicha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji fundi wala hela. Mtu aingie atoe majani yote, akwangue uchafu wa kwenye banduru, pale chini maji yanapojikusanya, mpaka aone mbao, afungue tundu la kutolea maji kama limeziba, halafu juu yake mjenge kibanda cha makuti. Makuti, sio turubali la plastiki la kulifunika chombo gubigubi, hilo linatoa jasho kwa ndani na linaozesha kwa kasi zaidi. Unataka kivuli na hewa inayopita. Na hapo chini iwekee magogo na miti ya kuegemeza pande zote mbili kabla hujagusa ubao hata mmoja, nitakwambia kwa nini.

Sasa chukua nyundo ndogo na bisibisi. Gonga kila ubao kila shibri moja kuanzia omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma. Mbao nzima inaitika ko, ko. Iliyooza inasema bu, kama unagonga papai. Ikisema bu chomeka bisibisi, ikiingia bila kusukumwa weka alama ya chaki. Usidanganywe na rangi, rangi inaweza kushikilia ubao ambao ndani umebaki unga tu. Halafu kuna sehemu ambazo mi naanza nazo kabla ya zote kwa sababu ndio maji matamu yanapotuama: mwashiri, yaani lile gogo lenye shimo ambapo mguu wa mlingoti unakaa, fashini kule nyuma panapofungwa usukani, vichwa vya mataruma, zile mbavu za chombo, kule juu ukingoni, na pale hanamu, lile gogo la mbele kabisa, inapokutana na mkuku, gogo la chini ambalo ndio uti wa mgongo wa chombo. Ukimaliza hizo nne una majibu nusu.

Kisha funga uzi kutoka omo mpaka tezi, uvute ukaze, uangalie mkuku chini umenyooka au umepinda mgongo. Chombo kilichokaa miaka 8 juu ya magogo mawili tu kinaweza kulegea katikati au kwenye ncha, na ukianza kubandua mbao kikiwa kimelegea unakikazia ule ulemavu humo humo. Ndio maana nilisema kiegemeze kwanza. Na hii sheria usiivunje hata fundi akikucheka: toa ubao mmoja, weka ubao mmoja. Taruma moja ing'oke, moja iingie, ruka inayofuata uje kuirudia baadae. Fundi wa pwani hana mchoro wa karatasi, mchoro ni chombo chenyewe, ukibomoa upande mzima kwa mara moja umechana ramani, kitakachounganishwa hapo kitakuwa ni boti fulani ila sio mashua ya babu yako.

Kuhusu kupasua kuni. Kama mkuku ni mzima, hanamu na fashini ni nzima, na zaidi ya nusu ya mataruma yanaitika ko, hiyo ni mashua, waambie baba wadogo watafute kuni kwingine. Kama mkuku umevunjika au umeliwa katikati mi nakuwa mkweli, hapo unaunda mashua mpya na ya zamani inabaki kuwa kipimo, sio aibu, vyombo vingi pwani yetu ni watoto wa vyombo vingine kwa njia hiyo. Angalia na matobo madogo madogo kwenye mbao za chini, kama yametobolewa na msumari mwembamba. Huyo ni teredo, watu wanamwita mnyoo ila ni jamaa wa chaza, anaingia akiwa mdogo kama punje halafu anakua humo ndani huku anachimba, nje unaona tobo moja ndani ubao ni sega la nyuki. Miaka 8 nchi kavu wote wameshakufa ila njia walizochimba ziko pale pale, kwa hiyo ubao wenye matobo usiuhurumie.

Yule fundi wa wiki 2 anakuuzia poda. Sitasema zaidi, labda ni mtu mwema ana shida ya hela, ila misumari na rangi ni vitu vya mwisho, na misumari yenyewe ina maneno yake. Msumari wa chuma ukila kutu unaila na mbao inayouzunguka, inakuwa nyeusi na laini, kwa hiyo kupigilia msumari mpya kwenye tundu lile lile ni kujidanganya, tundu la zamani unaliziba kwa kigingi cha mbao unatoboa jipya pembeni kwa keekee. Nunua ile iliyopakwa zinki, mizito, na kabla haijazama unaizungushia uzi wa pamba wenye mafuta chini ya kichwa ili maji yasipite. Usichanganye shaba na chuma kwenye ubao mmoja, kwenye maji ya chumvi vinagombana na chuma ndio kinakufa. Wenye hela wananiuliza mbona tusiweke stenlesi. Juu ya maji sawa. Chini ya maji, ndani ya mbao iliyolowa, stenlesi nayo inaliwa kimya kimya bila kuonyesha.

Na fibaglasi. Rafiki yako ana nia nzuri, hili swali naulizwa kila mwezi. Mbao inanywa maji inavimba, inakauka inasinyaa, mashua ya mbao za kuunganishwa inacheza muda wote hata ikiwa imetia nanga. Fibaglasi haichezi. Ukiivalisha mashua kuukuu koti la fibaglasi, msimu wa kwanza inapendeza unapiga picha, msimu wa pili koti linaachia sehemu sehemu, maji yanaingia kati ya koti na mbao hayana pa kutokea, na wewe huoni kitu kwa sababu nje panang'aa. Epoksi, gundi ya kubandikia koti hilo, nayo inataka mbao kavu kweli kweli, mbao ya pwani ya Kigombe uliyoitoa chini ya mkungu haijawahi kuwa kavu hivyo. Boti iliyoundwa toka mwanzo kwa plaiwudi na epoksi ni habari nyingine, hiyo sina ugomvi nayo.

Mbao: mvule ukiupata chukua, mbamba kofi ndio kabisa, wa Lamu wanaujua, huku Tanzania bara wengi wanauita mkongo. Tiki ya mashamba ya Longuza kule Muheza iko karibu na kwenu na inafanya kazi vizuri, ila usinunue ile changa nyeupe, nunua ya moyo. Mataruma ni lazima yatoke kwenye matawi yaliyopinda yenyewe, mtondoo ni mzuri sana kwa hilo, sababu nyuzi za mti zinafuata kona. Ukichonga taruma lililopinda kutoka kwenye ubao ulionyooka, nyuzi zinakatwa, siku ya bahari chafu linapasuka hapo hapo kwenye kona. Na ununue kwa risiti na kibali, mikoko hasa usikate kienyeji, ni msitu wa hifadhi na watu wa misitu hawana utani.

Kukalafati sasa, yaani kuziba maungio ya mbao. Mashua yako ina labda mbao 9 kila upande, piga hesabu ya urefu utakuta zaidi ya mita 100 za maungio ya kujaza pamba, kwa hiyo mtu akikwambia anakalafati siku moja mkimbie. Unasokota pamba, unailowesha mafuta ya nazi au ya simsim, unaisindika kwa patasi butu na nyundo ya mti. Na hapa ndipo nilipoharibu mashua ya mjomba wangu. Ilikuwa kaskazi, jua kali, mbao zimesinyaa nyufa zimekaa wazi unapitisha kidole, mi kijana nina nguvu zangu nikasindika pamba mpaka nyundo inaruka. Mjomba alikuwa safarini. Tukaishua majini, siku ya pili mbao zimekunywa maji zimevimba, pamba imekataa kusogea, basi kitu lazima kiachie, usiku tukasikia mlio kama mtu anavunja muhogo mkavu, taruma 3 zimekwenda upande wa kulia. Mjomba aliporudi hakunipiga, aliniambia tu nikazichonge mpya mwenyewe na nilimaliza baada ya miezi 2. Kwa hiyo: kabla ya kukalafati tandika magunia yaliyolowa maji ya bahari ndani ya chombo, yalowe kila siku wiki nzima, acha mbao zirudi nusu njia, halafu jaza pamba kwa kiasi. Ufa mdogo uliobaki bahari itaufunga yenyewe bure.

Chini ya maji pakaa deheni, shahamu iliyoyeyushwa na kuchanganywa na chokaa, inapakwa kwa mkono, nzito kama uji wa mtoto. Kabla ya hapo mnapitisha moto wa makuti makavu chini ya tumbo, wa haraka haraka, unaua wadudu na kukausha juu. Pembeni awepo mtu na ndoo za maji, na mtu huyo asiwe anachezea simu. Juu ya maji na ndani pakaa sifa, mafuta ya ini la papa, harufu yake mke wako atakulalamikia wiki mbili ila mbao inapenda. Kuna wanaopaka oili chafu ya gari kwa sababu ni ya bure, mi sipendi, inateleza baharini na inaishia kwenye samaki wale wale mnaowavua.

Mwezi wa 7? Hapana mjukuu wangu. Mwezi wa 7 ni kusi, ule upepo mkali wa kusini, imeshika, na mashua ambayo haijaonja maji miaka 8 usiipeleke kujifunza kutembea kwenye kusi. Likizo yako itumie kwa kugonga nyundo na kuagiza mbao, uishue mwezi wa 9 mwishoni au wa 10, demani, bahari imelala. Na kabla ya kubeba mtu yeyote nenda TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, wakague chombo na kukisajili, kama ni ya uvuvi basi na halmashauri kuna leseni yake.

Assalaam aleikum. Mimi na mume wangu tumenunua mashua kuukuu hapa Mombasa, tunataka kutembeza wageni jioni. Mwili wake uko sawa, fundi ametuhakikishia, lakini tanga limeoza lote. Tumeambiwa tushone la turubali la plastiki ni rahisi, mwengine asema merikani ya pamba, mwengine asema tanga la yoti la mitumba. Na vipimo twachukua wapi? (Dada wa Mombasa)

Waaleikum salaam dada yangu. Turubali la plastiki litawasogeza, sikatai, wavuvi wengi wanalitumia kwa sababu mfuko hauruhusu kingine, ila jua linalila, baada ya muda linaanza kumeguka vipande vipande kama biskuti na halishiki umbo, linapiga kelele patapata mgeni anadhani kuna kitu kinavunjika. Kwa kazi ya wageni mi ningechukua pamba nzito. Inanyamaza, inashika upepo vizuri, na kusema kweli ndio wanayotaka kupiga picha. Kazi yake ni moja, isikunjwe ikiwa imelowa hata siku moja, ikivunda imekwisha. Mkirudi usiku limelowa liacheni limening'inia, mtakunja asubuhi.

Tanga la mitumba la yoti kitambaa chake ni kizuri sana, kinadumu, shida yake ni nguvu nyingi mno kwa chombo chenu. Wazee wetu walikuwa na hesabu yao, upepo ukizidi kitu cha kwanza kupasuka kiwe tanga, maana tanga unashona. Ukiweka kitambaa kisichopasuka kitakachoachia ni jarari, ile kamba ya kupandishia tanga, au foromali, ule mti tanga linapofungwa, au mlingoti wenyewe, na mlingoti ukianguka na wageni 8 ndani hamtapata usingizi. Na umbo lake limekatwa kwa ajili ya mlingoti mwingine kabisa kwa hiyo itabidi lifumuliwe lote.

Vipimo: msimpe fundi tanga kipimo cha mlingoti, mpeni cha foromali. Tanga letu linafungwa kwenye foromali kwa urefu wote, mlingoti kazi yake ni kulinyanyua tu. Kwa hiyo anzeni na foromali, ni nzima? Nyingi ni miti 2 iliyopandishana katikati na kufungwa kamba, ifungueni hiyo kamba muone chini yake, ndipo panapooza. Tanga jipya la pamba linanyooka, basi fundi aache nafasi kwenye ncha zote mbili, na siku za mwanzo mlifunge bila kulivuta sana, mtoke kwenye upepo mdogo, likishazoea mnakaza. Mkilivuta kama ngoma siku ya kwanza litakaa na mkunjo wake maisha.

Kwa vile mtabeba watu, Mamlaka ya Bahari ya Kenya wataukagua mwili wa chombo, watahesabu majaketi ya kuokolea. Jaketi za watoto zinunuliwe tofauti, hiyo watu wanasahau. Na mtafute nahodha anayejua kupindua foromali mbele ya mlingoti bila kutafuta sifa kwa wageni, maana dakika ile tanga linapohama upande ndipo watu wanapogongwa vichwa.

Kaka salaam kutoka Muscat. Marehemu baba alikuwa na jahazi Unguja, ndugu zangu walioko huko wanalitengeneza na mimi natuma pesa. Sasa wameniambia mbao karibu zote zimebadilishwa, na mlingoti, na nusu ya mataruma. Nauliza kwa uchungu kidogo, hilo bado ni jahazi la baba au nalipia jahazi jingine? (Mwana wa Malindi)

Salaam kaka, na Mungu amrehemu mzee. Kwanza nakusifu, wengi wanaotuma pesa hawaulizi kabisa. Mimi jibu langu ni la watu wa pwani: chombo ni mkuku na jina. Mbao ni kama nguo, zimebadilishwa hata baba yako alipokuwa hai, muulize yeyote aliyefanya naye kazi atakwambia jahazi linapandishwa, ubao huu unatoka na ule unaingia, miaka 20 mbele hakuna ubao wa mwanzo na hakuna aliyelalamika. Kama mkuku ni ule ule wewe tulia. Kama nao umebadilishwa, hapo wana haki ya kukueleza kabla ya kukuomba pesa.

Hapo ulipo endesha gari siku moja mpaka Sur ukalione Fatah al-Khair. Ni ghanja, jahazi kubwa lililoundwa Sur kwenyewe, likauzwa likaenda zake, watu wa Sur wakalifuata Yemen wakalinunua mwaka 1993 na kulirudisha nyumbani. Sasa limepandishwa pwani watu wanalitazama. Mi nalipenda na linanitia huzuni vile vile, sababu ndio yale niliyomwambia mjukuu wa Kigombe, chombo nchi kavu kinataka kuhudumiwa kila mwaka kuliko chombo kinachofanya kazi. Kwa hiyo ndugu zako wasije wakalimaliza halafu wakaliweka liwe pambo. Lifanye kazi, hata kubeba mchanga na makuti. Ukituma pesa omba picha ya mkuku, sio picha ya rangi, na omba kila ubao ulioondolewa upigwe picha na alama yake ya chaki kabla haujawa kuni.

Mambo vipi baharia, niliona lile jahazi la plastiki la Lamu, lile la kandambili. Je naweza kununua mbao za plastiki nikazibia sehemu zilizooza kwenye mashua yangu? (Kijana wa Kilifi)

Poa kabisa. Flipflopi unaisema, urefu mita 9 hivi, ilishuliwa Lamu 2018, fundi wake Ali Skanda na wenzake walitumia plastiki tani 10 hivi iliyookotwa ikayeyushwa ikawa kama mbao, nje wakaipamba na kandambili, na 2019 ikatoka Lamu mpaka Zanzibar, sio mzaha, ni kilomita 500. Lakini ile ni ya plastiki yote. Wewe unataka kiraka. Plastiki hainywi maji, haivimbi, inatanuka kwa jua wakati mbao jirani yake inasinyaa, kwa hiyo ungio kati yao litafunguka kila siku na pamba haitakaa. Chagua moja, usifungishe ndoa watu wasiopatana.

Mzee shikamoo, nisaidie haraka. Jana tumeshua mashua yetu Bagamoyo, fundi ameifanyia kazi miezi 3 tumemlipa yote. Leo asubuhi imejaa maji mpaka kwenye viti! Tumefua maji kuyatoa nje mpaka mikono imechubuka. Ndugu zangu wanataka kwenda polisi. Nimetapeliwa? (Mwenye Hasira, Bagamoyo)

Marahaba, na polisi msiende kwanza, wacheni fundi wa watu anywe chai. Chombo kilichokaa juu miezi 3 kikiingia majini kinavuja, lazima kivuje, kisipovuja kabisa ndio ningeanza kuogopa kwa sababu ina maana kimekazwa mno, soma yaliyonipata hapo juu. Mbao zinakunywa, zinavimba, zinafunga. Kosa lenu ni kuiacha usiku kucha kwenye kina peke yake. Chombo siku ya kwanza hakilali peke yake, wanalala watu wawili humo na upo wa kufulia maji wanapokezana, au bora zaidi mnakiacha pwani pale ambapo maji yanakikuta yakijaa na kukiacha yakipwa, mara 2 kwa siku, kinakunywa taratibu na hakina pa kuzama.

Mlishua lini kwanza, bamvua? Nauliza kwa sababu mkitaka kuivuta juu tena mtahitaji maji makubwa yale yale yanayokuja siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo au mpevu, huku kwetu yanapanda mita 3 na zaidi. Kama mlishua bamvua basi mna siku chache tu kabla ya maji mafu, yale yasiyopanda sana, msipoteze muda kugombana.

Fanyeni hivi. Fueni maji yote leo, toeni farumi, viroba vya mchanga vyote, iwe nyepesi. Ivuteni maji yakijaa mpaka pwani pa mchanga usio na mawe, ikae. Chukueni unga wa mbao, wa randa, ule laini, mwagieni kwenye maji kandokando ya chombo kikielea, unanyonywa na nyufa ndogo unaziba kidogo wakati mbao zinavimba, ni ujanja wa zamani na haugharimu kitu. Andikeni kila saa ndoo ngapi zimetoka. Siku ya kwanza labda 40, ya pili 20, ya tatu 8. Namba zikishuka hivyo fundi wenu ni mtu safi, mpelekeeni na halua.

Ikifika siku ya nne namba haishuki, hapo kuna ungio limesahaulika au msumari umekosa ubao. Ngojeni maji yapwe chombo kikae kikavu, kausheni nje kwa tambara, halafu nyie mmimine maji ndani, ndoo kwa ndoo, mpaka yafike usawa wa goti. Mmoja azunguke nje ameinama na kipande cha mkaa. Panapotoka tone la kwanza apige alama, pa pili apige alama, asingoje mpaka tumbo lote lilowe maana hapo hutajua limetoka wapi. Mkishapata alama zenu mwiteni fundi aje na pamba yake, mumwonyeshe kwa kidole.

Na maji ya kumimina yawe ya bahari. Msifungulie bomba.